Tupeane uzoefu: mlioshika waya za ndege jeshini, uraiani mmeshika nini?

Bisbisi wa Fuoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Juzi nimekaa kitako barazani Kikwajuni, kijana wa jirani akaniuliza, "Ami, hivi kweli ulikuwa rubani?" Ukisema ulikuwa jeshi la anga, kila mtu anaona rubani. Hakuna anayemfikiria mtu aliyelala chali ndani ya tumbo la ndege, tochi mdomoni, jasho linamwingia machoni, anatafuta waya mmoja uliokatika kati ya mamia. Huyo ndiye mimi. Miaka kumi na tisa nilikuwa Bara, kazi yangu redio, dira, saa za mbele ya rubani na waya zake. Kikosi na ndege sitaji, na nyinyi nakuombeni msitaje.

Nilipostaafu nilirudi Unguja kifua mbele. Nikapeleka barua kwa kampuni moja ya ndege ndogo, hizi za injini moja zinazobeba watalii na watu wa Pemba. Msimamizi wa mafundi alinipokea vizuri. Akaniuliza, "Leseni unayo?" Sina. "Kitabu cha kumbukumbu za kazi?" Kimebaki kambini, na ni siri. Akaniagizia chai na mandazi, tukaagana.

Nilikasirika, lakini hakukosea. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 1, fundi wa ndege anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 4, au 2 kama amepita mafunzo yaliyoidhinishwa, halafu afaulu mitihani. Leseni ya kwetu hutolewa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania. Mimi nina kumi na tisa, lakini zote ziko kichwani mwangu na mikononi mwangu. Kichwa hakigongwi muhuri.

Nikarudi Bara kwa mkubwa wangu wa zamani. Barua ya kwanza aliyonipa ilisema mimi ni askari mtiifu, mwenye nidhamu, mcha Mungu. Nikamwambia, "Afande, kwa heshima zote, hii nitampelekea mkwe." Niliyoitaka ni ya kazi yenyewe: nimekagua nini, nimebadilisha nini, kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani, nani alikuwa akinisimamia. Namba za ndege zisiwemo, wala chochote cha silaha. Ilizunguka mezani kwa watu miezi saba.

Nikaanza tena kama msaidizi, chini ya kijana ambaye mimi naingia jeshini yeye yuko skuli ya msingi. Anayetia saini ndege irudi kazini ni yeye, mimi nashika tochi. Nilijifunza kunyamaza. Umeme haukunishinda, volti 28 za ndege ni 28 popote. Kilichonitoa jasho ni mtihani wa sheria za anga, nimeanguka mara mbili. Na ule wa tabia za binadamu kazini (uchovu, haraka, kuogopa kumpinga mkubwa) niliuona wa kitoto, nao ukaniangusha. Jeshini ukiona kitu kibovu unamwambia afande, na yeye ndiye anajua la kufanya. Huku jina lililo chini ya karatasi ni lako.

Leseni ninayo sasa. Haya, semeni na nyinyi.

Duka la Mwanakwerekwe

Mimi niliacha kabisa, nikafungua duka la vifaa vya umeme. Sijutii hata siku moja. Tatizo moja tu: mtu anakuja kununua waya wa milimita moja na nusu wa kufungia hita ya maji, namkatalia kumuuzia, ni mwembamba mno kwa kazi hiyo. Mke wangu anasema nafukuza wateja. Jeshi bado limo mwilini.

Nanga Juu

@Bisbisi wa Fuoni umenikumbusha mbali. Mimi sikuhangaika na leseni ya ndege, nilikwenda baharini. Sasa natengeneza redio na rada za boti, Malindi ya hapa Unguja na Mkoani, Pemba.

Kazi ya kwanza iliyonipa jina ni boti moja ambayo rada yake ikifa alfajiri tu. Ikifika saa tatu asubuhi inafufuka yenyewe. Mafundi wawili walishabadilisha skrini, mwenye boti kalipa pesa nyingi na ugonjwa uko palepale. Nahodha akaniambia, "Fundi, hii ina shetani wa Subuhi."

Niliupanda ule mlingoti. Plagi ya juu haikufungwa utepe wa kuzuia maji, na waya umeshuka moja kwa moja mpaka ndani ya plagi. Umande wa usiku unateremka juu ya waya kama mtu anayeteremka ngazi, unaingia ndani. Jua likipanda linaukausha, rada inaamka. Kwenye ndege tulifundishwa siku za mwanzo kabisa: waya ushushe tumbo kidogo kabla ya kuingia kwenye plagi, maji yadondokee pale chini yasifuate njia. Nikasafisha kutu ya kijani, nikabadilisha kichwa cha waya, nikaushusha tumbo, nikaufunga. Kifaa kipya ilikuwa plagi moja.

Nikadai elfu thelathini. Nahodha akanitazama kama mwendawazimu, akanipa laki moja, akasema nikiendelea hivyo nitakufa njaa. Hilo ndilo sikufundishwa jeshini, kutaja bei. Hata leo nikitaja bei natazama chini.

Na mama yangu, tangu ile Septemba ya 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, kila akipanda boti kwenda Pemba hunipigia simu: "Redio ya hii umeitazama wewe?" Nikisema si mimi, anakaa karibu na mlango.

Mzee wa Mtambwe, Maskati

Wanangu, mimi jeshi langu si lenu, ni la Omani, lakini nyumbani ni Mtambwe, Pemba. Nilikuwa kwenye ndege za kivita za Jaguar, kambi ya Thumrait. Zilianza kuja Omani 1977, zikastaafishwa 2014, mimi nilishatangulia kutoka.

Nilipohamia ndege za abiria kilichonichanganya ni namna vyombo vinavyozungumza. Njia ya data ya kijeshi, ile wanayoiita 1553, ni kama gwaride. Kuna mkubwa mmoja anayeamrisha, "wewe sema, wewe pokea," na wote wako kwenye waya mmoja. Kwenye ndege nyingi za abiria utakuta njia nyingine, ARINC 429. Hii ni khutba ya Ijumaa. Mmoja anasema, wanaosikiliza wanaweza kufika ishirini, na hakuna anayemjibu kwa waya uleule. Ukitaka kujibu uwe na waya wako. Miezi ya mwanzo nilikuwa natafuta mkubwa wa njia, simwoni! Nikadhani ramani ya waya imekosewa.

Nilimuuliza kijana wa Kihindi aliyekuwa mdogo kuliko mwanangu wa tatu. Akanichorea kwenye karatasi ya maandazi. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, ina mafuta.

Bi Mizani wa Chake

Wanaume mmejazana hapa, ngojeni na mimi niseme. Nilikuwa chumba cha vipimo, tukihakikisha mita na spana za kukazia zinasema kweli. Sasa niko hospitali moja Pemba, upande wa mashine.

Watu hudhani mashine ya hospitali ni kitu kingine kabisa. Mashine ya kuchuja oksijeni inavuta hewa ya kawaida, inaipitisha kwenye chembechembe zinazokamata naitrojeni, inatoa oksijeni ya asilimia tisini na kidogo. Adui yake ni unyevu na vumbi, na Pemba kwa unyevu hatujambo. Nilikuta mashine tatu zimewekwa stoo, zimeandikwa "mbovu". Moja ilikuwa imekufa kweli, chembechembe zimeshiba maji. Mbili zilizobaki vichujio vimeziba kwa vumbi tu, na moja kati ya hizo mpira wake umepasuka. Hakuna aliyewahi kuzipima. Ikipiga king'ora inazimwa, inapelekwa stoo, inaagizwa nyingine.

Nilianzisha daftari: kila mashine na ukurasa wake, tarehe, kipimo, saini. Mwanzoni wauguzi waliniita Bi Afande. Mmoja akaniuliza mashine ni wagonjwa wangu au vipi. Siku hizi mashine ikilia usiku wananipigia mimi kabla ya kuizima.

Mshahara ni mdogo kuliko wa @Bisbisi, najua, msinikumbushe.

Bisbisi wa Fuoni

Bi Mizani, wangu umeupandisha wewe, mimi nimenyamaza.

@Nanga Juu, hadithi ya umande naichukua. Mimi adui yangu ni nyigu. Ukisahau kuufunika mrija wa pitoti, ule unaopokea upepo wa mbele kupima mwendo, ndege ikilala Pemba, nyigu hachelewi kujenga nyumba humo, na saa ya mwendo inamdanganya rubani.

Kijana Bado Ndani

Nawaamkia nyote. Mimi bado niko kazini, mkataba umebaki miaka mitatu, upande huohuo wa vyombo. Nimesoma yote. Naomba kuuliza, nianze na kozi, au na Kiingereza, au ninunue vifaa kidogo kidogo?

Nanga Juu

Vifaa usinunue. Nilinunua sanduku zima, nusu sijaligusa. Mita moja nzuri, koleo la kubania vichwa vya waya lisiwe la bei rahisi, basi.

Mzee wa Mtambwe, Maskati

Kiingereza, mwanangu. Kitabu cha ndege hakikubembelezi.

Bisbisi wa Fuoni

Kijana, kwanza nijibu wewe. Kazi unazofanya mwezi huu, nani anazitia saini?

Kijana Bado Ndani

Zinaandikwa kwenye kitabu cha kikosi. Mimi mwenyewe sina kitu.

Bisbisi wa Fuoni

Kitabu cha kikosi usikiguse, usikipige hata picha, utafungwa. Muombe afande wako ruhusa ya kuwa na daftari lako: aina ya kazi, saa ulizotumia, tarehe. Hakuna namba ya ndege, hakuna jina la kambi. Kila mwisho wa mwezi anatia saini na cheo chake. Akikataa, muulize ni nani anayeweza kuruhusu, uende kwa utaratibu.

Kijana Bado Ndani

Afande yuko likizo mpaka tarehe 15.

Bisbisi wa Fuoni

Basi tarehe 15. Na umfuate baada ya chai, si kabla.