Nina Mustang ya V6 na dola 4,000: nianze mbio za dragi katika daraja gani?

MwanaNakuru

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni Mkenya ninayeishi Columbus, Ohio, na ninafanya kazi ya zamu katika ghala. Kwetu Nakuru, mbio za magari zilikuwa ni vumbi la Safari Rally, nasi watoto tulipanda miti ili tulione gari kabla halijatufikia. Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu alinipeleka Hebron, katika uwanja wa National Trail Raceway, nikaona magari mawili mawili yakiondoka mstarini na kumaliza robo maili kabla sijafumba kinywa. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Gari langu ni Ford Mustang ya mwaka 2011, V6 ya lita 3.7 yenye gia za otomatiki, iliyotoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 305. Gari hilo hilo ndilo linalonipeleka kazini. Nimeweka akiba ya dola 4,000. Mwenzangu ananishauri nifunge tabo (turbo, ya kuongeza nguvu za injini) kisha niingie daraja la Super Street, ilhali shemeji yangu anasema niuze Mustang na kununua gari la mbio lililokwisha kutumika. Naomba kufahamishwa nianze katika daraja gani, na fedha hizi nizitumie wapi kwanza. Wapo pia vijana wanaoshindana barabarani saa nane za usiku. Hao nimekwisha kuwakatalia.

FundiSeif_Ennis

Karibu sana, ndugu yangu. Hatua ya kwanza ni kufunga pochi.

Nimekuwa fundi hapa Texas kwa miaka mingi, na nimeona magari mengi mazuri yakioza uani kwa sababu mwenyewe alinunua vipuri kabla ya kujua anashindana katika nini. Super Street si daraja la mtu mwenye gari jipya na mikono mipya. Pale kila gari linatakiwa likaribie sekunde 10.90 kadiri inavyowezekana bila kwenda chini ya hapo, taa tatu za njano za kuanzia mbio huwaka zote kwa pamoja, na wengi wa utakaokutana nao wana magari yenye uwezo wa kukimbia zaidi ya hapo, ambayo huyapunguza kasi kwa kifaa kinachobana mafuta kwa muda uliopimwa. Mustang yako ikiwa kama ilivyotoka kiwandani itazunguka kwenye sekunde 14. Ili uondoe zile sekunde tatu itakubidi uguse injini, giaboksi, ekseli na matairi, na kwa kuwa gari lililobadilishwa likifika 11.49 au chini yake hudaiwa vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka, dola zako 4,000 zitakwisha kabla hujafika mstarini. Wala hutakuwa na gari la kukupeleka kazini.

Mahali pako ni mbio za braketi, ambamo kila dereva hutabiri muda wa gari lake, tena daraja la chini kabisa, ambalo katika viwanja vingi vya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, huitwa Sportsman. Juu yake kuna Pro, halafu Super Pro, ambako vifaa vya elektroniki vya kuchelewesha kuondoka vinaruhusiwa. Katika daraja lako mtu huondoka kwa mguu wake na jicho lake tu.

MwanaNakuru

Ahsante, mzee wangu. Nilidhani mbio za braketi ni za wazee wenye magari ya kizamani. Lakini gari la sekunde 14 litashindaje na la sekunde 11?

BintiTudor

Kaka, hao wazee unaowasema watakutoa raundi ya kwanza huku wanatafuna karanga. Mimi ni wa Mombasa, ninaishi Indiana, na nimekimbia braketi misimu minne.

Kabla ya raundi, kila dereva huandika kwenye kioo cha gari muda anaotabiri kuwa gari lake litatumia. Tuseme wewe umeandika 14.20 na mpinzani wako 11.70. Tofauti ni sekunde mbili na nusu, kwa hiyo taa zako zitawaka mapema kwa kiasi hicho, nawe utakwenda zako huku yeye bado amesimama akikutazama. Nyote mkikimbia sawasawa na mlichoandika, mshindi ni yule aliyeitikia taa upesi zaidi. Ukiondoka kabla ya kijani, taa nyekundu inakuwakia na umetolewa. Ukikimbia upesi kuliko ulichoandika, hata kwa elfu moja ya sekunde, umevunja muda wako na umepoteza, isipokuwa kama mwenzako naye amevunja kwa kiasi kikubwa zaidi au amefanya kosa la taa nyekundu.

Sasa fanya hesabu. Wewe umechelewa taa kwa 0.080 na ukakimbia 14.23, yaani umezidisha 0.03. Jumla yako ni 0.110. Mwenzako kaitikia vizuri sana, 0.020, lakini gari lake likateleza kidogo mwanzoni akakimbia 11.80, basi jumla yake ni 0.120. Umemshinda kwa mia moja ya sekunde, wewe na V6 yako ya kwendea kazini. Ndiyo maana gari la kiwandani lenye otomatiki, linalorudia muda ule ule kila mara, ni gari zuri la braketi, na tabo iliyofungwa juzi ni balaa, kwa sababu leo inakupa 12.6 na kesho 13.1.

Nilivyotolewa mara ya kwanza, nilikuwa nimeandika muda nilioupata saa tisa alasiri. Raundi ikaja baada ya magharibi, hewa imepoa, na hewa baridi huwa nzito, hivyo injini hupata oksijeni zaidi. Gari likakimbia upesi kuliko nilivyoandika. Nilishangilia hadi mwisho wa njia, nikapewa karatasi ya muda, ndipo nikajua nimeshangilia kutolewa kwangu.

KisanganiColumbus

Ndugu, mimi ni jirani yako hapa Columbus, nami nakwenda Hebron mara kwa mara. Usianze na mashindano. Anza na usiku wa majaribio, ambapo unalipa kiingilio, unakaguliwa gari, na unakimbia mara nyingi utakavyoweza bila kutolewa na mtu.

Wakaguzi wataangalia betri ikiwa imefungwa imara, nati za magurudumu, matairi, mkanda, na kama kuna kinachovuja. Chukua leseni yako ya udereva, vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika miguu. Kuhusu helmeti, kanuni ya NHRA kwa robo maili inaitaka kwa gari linalokimbia 13.99 au upesi zaidi, na gari lako liko papo hapo kwenye mpaka. Usiku wenye baridi likikupa 13.97 huna helmeti, utaambiwa safari yako imekwisha. Nunua helmeti yenye muhuri wa Snell, shirika linalopima ubora wa helmeti, unaokubaliwa kwa sasa. Hayo ndiyo matumizi yako ya kwanza ya maana. Soma pia mkataba wako wa bima, kwani mingi hailipii ajali ya uwanja wa mbio.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mimi: mbele ya mstari kuna sehemu iliyomwagiwa maji kwa ajili ya wenye matairi kipara ya mbio, ili wayachome na kuyapasha moto. Wewe mwenye matairi ya barabarani izunguke. Mimi nilipita katikati yake kwa mbwembwe zote, kashata za matairi zikabeba maji, nikayadondosha mstarini, na taa ilipowaka gari likacheza ngoma mahali pamoja huku watu wa nyuma wakinipigia honi. Zima na kiyoyozi kabla ya kuingia foleni, maana nacho hudondosha maji.

FundiSeif_Ennis

Maneno ya huyu ndugu yachukue yote. Kuhusu shauri la shemeji yako, mwambie kwa heshima kwamba gari la mbio lililotumika linataka trela, gari la kuvuta hilo trela, na mahali pa kulilaza. Likishuka hadi 9.99 litataka kizimba kamili cha vyuma, nawe utatakiwa kuwa na leseni ya mashindano.

MwanaNakuru

Nimerudi, wakubwa zangu. Nilikwenda Hebron na helmeti mpya, maji nikayazunguka, nikakimbia mara tatu: 14.31, 14.18 na 14.22. Karatasi ya mkimbio wa pili inasema nilichelewa taa kwa 0.412, futi 60 za kwanza nilizimaliza kwa 2.21, na mwendo wa mwisho ulikuwa maili 98 kwa saa. Ndugu wa Kisangani alikuwepo, na ndiye aliyenionyesha namna ya kusogea mstarini taratibu hadi iwake balbu ya pili, inayoonyesha kuwa gari limefika mahali pa kuondokea. Je, hiyo 0.412 ni mbaya kiasi gani?

BintiTudor

Ni mbaya sana, kaka, na dawa yake haiuzwi dukani. Ulingoja kijani. Taa za njano hushuka moja baada ya nyingine kwa nusu sekunde, basi ondoka uonapo ile ya tatu inawaka. Mpaka mguu wako na gari viitikie, kijani kitakuwa kimefika. Ukikimbia tena, usiangalie muda wa gari kabisa. Nipe namba za taa tu.

MwanaNakuru

Jumamosi ijayo, dada. Mkimbio wa tatu nilijaribu kuwahi njano, nikapata 0.198. Zile dola 3,600 zilizobaki nimezirudisha benki.