Buibui wa rangi ya chungwa shambani, na yule wa ukutani jikoni: ni jamii moja?

Mpalilia Mkonge, Korogwe
Wakuu, habari za jioni. Leo jembe limefukua shina kuukuu la mkonge, akatoka buibui wa kuenea kiganja cha mtoto, manyoya mwili mzima, rangi ya chungwa lililoiva. Hakukimbia. Aliinuka, miguu ya mbele juu, meno meusi nje. Kijana wangu alitaka kumponda, nikamzuia, nikamfunika kwa ndoo. Sasa jikoni nako ukutani yupo mwingine mkubwa, wa kahawia. Ni dume na jike? Nina watoto wadogo, naombeni msaada.

Binti Pwani
Wa ukutani usimguse, ndugu yangu. Ni bapa, anakimbia upandeupande kama kaa? Huyo usiku kazi yake mende. Kwetu Tanga tumezaliwa tumemkuta.

Mzee wa Muheza
Hao wawili si dume na jike, undugu wao ni wa mbali sana. Mtazame meno huyo wa ndooni, ila kwa mbali: yanashuka chini sambamba, kama majembe mawili yanayolima pamoja. Ya wa ukutani yanakutana kama koleo la mhunzi. Hapo hutakosea, hata rangi ikikudanganya.

Na rangi inadanganya kweli. Huyo wa ndooni wataalamu wanamwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa mwaka 1897. Huku Usambara ndiko anakong'aa hivyo. Kwingine ni kijivu au rangi ya majani makavu, na buibui ni yuleyule. Mlango wa shimo lake huuzungushia utando mzito mweupe, kama pamba iliyokanyagwa.

Watu humchanganya pia na wale wakimbiaji wa nyasini. Usiku weka tochi usawa wa jicho lako, umulike majani: macho ya mkimbiaji yanarudisha mwanga, unayaona hatua kumi mbali. Ukikuta amebeba watoto mgongoni, basi ndiye. Wa shimoni macho yake manane ni madogo, yamesongamana juu ya kichwa.

Sumu anayo. Akiuma, maumivu ni makali, panavimba, na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Nenda zahanati, usichanje kwa wembe wala kufunga kamba. Lakini hamfuati mtu. Kuinua miguu ni kuomba aachwe. Nakusihi, usimuue. Jike huishi miaka mingi.

Msafiri wa Voi
Shikamoo mzee. Huku kwetu yuko wa rangi ya kutu, miguu ya nyuma minene kupita ya mbele, na ukimkaribia anatoa sauti kama ya kukwaruza. Ni yeye?

Mzee wa Muheza
Marahaba. Huyo ni mwingine, Pelinobius muticus. Miguu hiyo minene ndiyo inamtambulisha. Anachimba shimo refu kwenda chini, hapandi mashina.

Mpalilia Mkonge, Korogwe
Asante mzee wangu. Nimesukuma kipande cha bati chini ya ndoo, nikampeleka mpakani penye mashina makuukuu tusikolima. Nilipoinua ndoo alisimama tena na miguu juu. Nikarudi nyuma hatua tatu, akashusha mmoja mmoja, akaingia chini ya shina.

Meno niliyaona. Yanashuka sambamba.