Kinga ya chini ya injini, chuma au aluminiamu?

Wakuu, nina pikipiki ya cc 150, huwa naenda nayo vijijini huko Kondoa, makorongo na mawe balaa, juzi nimechungulia chini nakuta bolti ya kumwagia oili imechubuka mpaka inang'aa. Kinga ya plastiki ilishapasuka kitambo. Niweke nini?

Jibu: Aluminiamu mm 4 mkuu, chuma kizito karibu mara tatu. Usichomelee kwenye fremu, funga kwa klampu, na toboa tundu usawa wa hiyo bolti la sivyo kila ukimwaga oili unafungua yote.

Jibu: Mi chuma tu, kikipinda fundi yeyote hapa Dom anakinyoosha kwa nyundo. Ila weka vipande vya mpira, changu kilikuwa kinapiga kelele kama debe

Jibu: Na masika mtoe tope humo, likijaa injini inakosa upepo inachemka.

Muuliza: Aluminiamu basi, kesho kwa fundi