Kebo gani ya mtandao nipitishe ukutani kabla ya lipu?

Baba Sabra
Wakuu, habari za majukumu. Nina kibanda changu Goba, tumeshapaua, fundi umeme yuko kwenye kutindua ukuta na wiki ijayo lipu inaanza. Nataka nyaya za intaneti zipite hukohuko: sebuleni kwenye tivii, chumba cha kazi cha mke wangu (mikutano yake ya mtandaoni haiishi), kamera nne nje, na sehemu moja darini ya kuning'iniza kirusha Wi-Fi. Fundi umeme anasema najisumbua, siku hizi kila kitu ni Wi-Fi.

Nimepita Kariakoo, nimeoneshwa maboksi mawili ya mita 305. Yote yameandikwa Cat 6 (daraja la waya wa mtandao), ila moja ni nusu ya bei ya mwenzake. Muuzaji anasema tofauti ni jina tu. Jirani yangu naye ananiambia nikamate Cat 8 nisahau kabisa. Halafu kuna kibanda cha mlinzi getini, kama mita 40 kutoka nyumbani, nako nataka kamera ifike. Naombeni mwongozo.

Popo wa Darini
Mkuu, hongera kwa kupaua. Fundi wako mwambie hivi: hicho kirusha Wi-Fi cha darini chenyewe kinalishwa na waya. Kuta za tofali na nondo zinakula mawimbi, vyumba vya mwisho vitabaki kulalamika. Pitisha waya sasa hivi, ukishapiga lipu na rangi hutakuwa na moyo wa kutindua tena.

Sasa hayo maboksi. Namba ya Cat isikuumize kichwa kabla hujajua ndani kuna nini. Hilo la nusu bei nina wasiwasi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Soma maandishi kwenye ganda la waya wenyewe, achana na ya kwenye boksi. Ukiona herufi CCA (kifupi cha Kiingereza cha hiyo alumini iliyopakwa shaba), rudisha. Lakini wachakachuaji hawaandiki ukweli kila mara, kwa hiyo nenda na wembe. Omba akukatie kipande cha kiganja, menya ganda la nje utaona jozi nne zimesokotwa na katikati kijiti cha plastiki chenye umbo la msalaba (Cat 6 nyingi zinacho). Toa uzi mmoja, umenye, kisha ukwangue kwa wembe taratibu. Shaba ukiikwangua inabaki nyekundu mpaka ndani. Alumini inatoa weupe wa kung'aa hapohapo. Usiangalie ncha iliyokatwa peke yake, maana koleo huburuza ile shaba ya juu ikafunika weupe.

Mizani nayo haidanganyi. Boksi la Cat 6 ya geji 23 (kipimo cha unene wa uzi) lina karibu kilo 6 za shaba tupu, ukiongeza plastiki unabeba kilo 11 hivi. La alumini unalinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu kamera zako zitapewa umeme kupitia waya huohuo wa mtandao. Alumini iliyopakwa inakinza umeme kuliko shaba kwa zaidi ya nusu. Kuna mteja mmoja Kibada, kamera zake zilikuwa zinazima kila magharibi. Mchana picha safi, jua likizama kimya. Wakamlaumu mlinzi, wakabadilisha kamera mbili, wapi. Nilipofungua kiungo nikakwangua waya: mweupe. Giza likiingia kamera inawasha taa zake za usiku, inavuta umeme zaidi, waya unashindwa, kamera inajizima na kujiwasha upya. Tulivuta waya mwingine wa shaba kwenye bomba lilelile, ule wa zamani ndio tuliutumia kama kamba ya kuvutia.

Cat 8 ya jirani yako ni ya vyumba vya seva, viwango vyake vinaishia mita 30, ni nene na haikunjiki kwenye kona za nyumba. Nunua Cat 6 ya shaba, geji 23, basi.

Mchumi wa Tabata
Popo, umempeleka gharama. Cat 5e ya shaba inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna anayemletea intaneti ya kujaza hiyo nyumbani. Kamera nyingi zinatosheka na megabiti 100. Aweke 5e, chenji inunue swichi nzuri ya mtandao (kile kiboksi cha kugawa mtandao kwenye nyaya nyingi).

Popo wa Darini
Mchumi, kwenye 5e ya shaba sina ugomvi na wewe, tena ni bora mara kumi kuliko Cat 6 ya alumini. Ila yeye anafukia ukutani. Cat 6 inafika gigabiti 10 hadi mita 55, na nyumba ya kawaida haina waya mrefu kuzidi hapo. Akiwa na pesa ya kubana, aweke Cat 6 vyumbani na 5e kwenye kamera. Mimi ningefanya hivyo.

Bi Mkubwa Mbezi
Mdogo wangu Baba Sabra, huko getini usipeleke shaba chini ya ardhi ukaiunga moja kwa moja na swichi ya ndani. Msimu wa radi utaniambia. Si lazima radi ipige nyumba yako, ikipiga jirani tu waya mrefu wa nje unaokota umeme na kuuleta kwenye swichi, ruta na tivii. Zika bomba, pitisha fiba, ncha zote mbili weka kibadilishi cha kuunganisha fiba na waya wa kawaida wa mtandao. Fiba ni kioo, haipitishi umeme. Kibanda si kina taa? Basi kamera itakula umeme wa hukohuko.

Baba Sabra
Asanteni sana. Nimerudi na wembe kama nilivyoagizwa. Lile la nusu bei kukwangua mara moja tu, jeupe! Muuzaji akaanza kunieleza kuwa hiyo ni "shaba ya kizungu". Nimechukua la bei, nimelibeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, bega linauma. Getini nitafuata ushauri wa dada. Sasa fundi anauliza kama anaweza kupitisha kwenye bomba la umeme aokoe kazi, na atumie bomba la inchi ngapi?

Popo wa Darini
Shaba ya kizungu, aisee.

Bomba la umeme hapana. Si salama na mtandao utasumbuka. Atindue njia yake, umbali wa shubiri moja na la umeme, na pale lazima yapishane yakatane msalaba. Bomba la milimita 20 linapitisha Cat 6 mbili bila kugombana, la 25 linapitisha nne. Kona atumie bendi za kupinda taratibu, asiweke kiwiko kikali, na kila bomba aache kamba ndani.

Kila waya uende moja kwa moja mpaka penye ruta, hakuna kuunga katikati ya ukuta. Sebuleni vuta miwili. Aache nusu mita kila mwisho, aandike namba kwenye ncha zote mbili kwa kalamu ya wino kabla hajavuta wa pili. Wakati wa kufunga soketi asifumue jozi zaidi ya sentimita 1, na achague mpangilio mmoja wa rangi, B (yaani T568B) ndio tumezoea, autumie nyumba nzima. Apime kila waya kwa kipima mtandao kabla ya lipu, wewe ukiwa umesimama hapo.

Na vibokisi vya ukutani azibe kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Wapiga lipu wanavijazaga.