Polisi wenyewe hawamsaki shemeji yangu, ofisi inamwita mtoro wa sheria na kuwakatia watoto chakula!

Wakuu, nina hasira na leo sitapunguza maneno.

Dada yangu anaishi Columbus, Ohio, na mumewe na watoto. Mwezi huu kadi yao ya SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, haikuingizwa kitu. Hakuna barua, hakuna onyo. Kupiga simu ofisi inayohusika, anajibiwa: "Mumeo ana hati ya kukamatwa jimbo lingine, ni mtoro, hamstahili." Basi, simu ikakatwa.

Hati yenyewe ni ya kesi ya hundi iliyokataliwa benki, kwenye jimbo walilofikia mwanzo. Shemeji alihama kufuata kazi ya kiwanda cha nyama kabla hati haijatoka, barua za mahakama zikaenda anwani ya zamani. Mtu ana mkataba wa nyumba kwa jina lake na analipa kodi ya mapato kila mwaka. Huyo kamkimbia nani?

Na sheria haisemi wanavyosema wao! Ni kweli, tangu sheria ya 1996 aliyoisaini Clinton, anayekimbia kesi ya kosa kubwa la jinai hapati msaada wa chakula. Lakini kanuni ya serikali kuu ya 2015 inataka ushahidi: hati iwe ya kosa kubwa, mhusika awe anaijua au alipaswa kuitegemea, awe amefanya jambo la kukwepa kukamatwa, na polisi wawe wanamsaka kweli. Yote manne kwa pamoja, labda hati iwe imeandikwa moja kwa moja kuwa ni ya kutoroka. Hii haijaandikwa hivyo. Polisi wa kule tumewapigia, wanasema hawana mpango wa kumfuata mtu jimbo lingine kwa ajili ya hundi. Sasa anasakwa na nani? Na kompyuta?

Kinachonichoma zaidi ni watoto. Hata shemeji angekuwa mtoro kweli, anayeondolewa ni yeye peke yake. Kipato chake kinahesabiwa, sawa, ila mke na watoto wanabaki na haki yao. Hawa wamefuta nyumba nzima!

Wala si jambo geni. Idara ya Social Security, ile ya mafao ya wazee na walemavu Marekani, ilikatia watu mafao kwa kuona hati tu kwenye mfumo, hadi kesi ya Martinez ikawalazimisha mwaka 2009 kukubali kuwa hati isiyo ya kutoroka haitoshi, na kulipa malimbikizo.

Tumeshaomba kusikilizwa rufaa, maana sheria inatoa siku 90. Ofisini wanamshawishi dada asaini kuondoa ombi la rufaa "ili aombe msaada upya". Hasaini.

Mliopitia rufaa ya namna hii Ohio: mwanasheria wa msaada wa bure mlimpataje, na barua ya polisi ya kuthibitisha hawamsaki mtu mliipata kwa maandishi au waliishia kusema kwa simu? Nahitaji majibu kabla ya siku ya kusikilizwa.