Sange wa Udzungwa na kuni za Mang'ula: nani alipe?

Wakuu, niko Tandale, naleta hoja. Juzi nilikuwa Mang'ula, pembeni ya Hifadhi ya Udzungwa, kwa mama mkwe. Anapikia jiko la pumba: anasimamisha chupa katikati, anashindilia pumba za mpunga kuizunguka, kisha anaichomoa polepole libaki tundu la moto. Zikiporomoka, anaanza upya. Siku hiyo ziliporomoka mara mbili, nami nimekaa pale kama mgeni rasmi. Zamani alikuwa akiingia hifadhini siku maalumu ya wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa ikafutwa 2011. Msitu anauona pale, nyuma ya migomba yake.

Tunaambiwa mle kuna viumbe wasiopatikana kwingine. Mmojawapo ni sange wa Udzungwa, mnyama mdogo: gramu 700 hivi, uso wa kijivu, nyuma mweusi tii, pua ndefu ya kuchakurulia wadudu kwenye majani makavu. Kamera za mtegoni zilimnasa 2005, akatambulishwa rasmi kama spishi mpya 2008. Je, ni haki mama mkwe ambebe huyu mgongoni, wakati sisi Dar tunachoma mkaa na hatuulizwi?

Mdau wa Kimara: Sio haki. Panya ni panya, mkuu. Watu kwanza.

Mdau wa Mlimani: Sio panya, ndugu yangu. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo na pimbi. Dume na jike hushika eneo moja, na hulala kwenye viota vya majani chini kabisa, pale ambapo anayeokota kuni anaweza kuvikanyaga. Tena kumbukeni chura wa Kihansi, nako ni Udzungwa. Mwaka 2009 ilitangazwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakifugwa Marekani, baadaye wengine wakaletwa hapa Chuo Kikuu. Unataka tufike huko tena?

Mdau wa Kimara: Chura yule aliponzwa na kuni? Maji ya maporomoko yake yalichepushwa yakazalishe umeme. Usimbebeshe bibi wa watu kesi ya bwawa.

Mleta mada: Hapo umenena, ingawa kwenye panya umechemka. Mimi sisemi msitu ufunguliwe. Nasema anayefaidi alipe. Kila gunia la mkaa linaloingia Dar likatwe tozo, fedha ziende kwenye mitungi ya gesi Mang'ula, na kuijaza pia, maana mtungi mtupu ni pambo.

Muuza mkaa, Mbagala: Kaka, hiyo tozo nitailipa mimi? Naiweka kwenye bei ya kopo la mkaa. Na mnunuzi wa kopo ni mama mwenye sufuria ya maharage na elfu moja mkononi. Mwenye gesi wala hatajua kama kuna tozo. Mnamtoa mzigo mama wa Mang'ula mnamtwisha wa Mbagala.

Mleta mada: Dada, hilo sikuliona, naondoa gunia. Basi ikatwe kwenye umeme, na kwa watumiaji wakubwa tu. Mitambo ya umeme ya Kidatu na Kihansi yote iko kwenye milima hiyo hiyo.

Mdau wa Mlimani: Hiyo naiunga mkono. Ila mama mkwe mwenyewe anasemaje? Sange amewahi kumwona?

Mleta mada: Nilimuuliza. Kasema mara nyingi tu, siku za kuni.