Kusafisha chupa zilizotumika kwa ajili ya wine ya rozela

Choya_Dom: Wakuu, ndoo ya lita 20 ya wine ya rozela inakaribia kuwekwa kwenye chupa. Chupa ninazo 26 za ml 750, zimetoka baa. Baadhi zina ukoga chini na lebo hazibanduki. Jiki inatosha?

Mshindilia_Vizibo: Mkuu, Jiki iache. Klorini yake ikikutana na kizibo cha gome la mti na ukungu, huzaa harufu ya gunia bichi, na kiasi kidogo tu huua ladha ya tunda.

Tenganisha kuosha na kuua vijidudu, maana dawa haipenyi ukoga. Loweka chupa usiku kucha kwenye maji ya moto yenye magadi, kijiko kikubwa kwa lita 5. Zijaze maji kwanza, la sivyo zitaelea. Asubuhi lebo za karatasi zinateleza zenyewe. Gundi iliyobaki ifute kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, nje tu. Ndani tumia brashi ndefu. Kama huna, tia kiganja cha mchele mbichi na maji kidogo, tikisa kwa nguvu. Suuza mara tatu, kisha itazame kwenye mwanga. Ikiwa bado ina utando, rudia.

Bibi_Pipa: Naongezea: nusa kila chupa KABLA ya kuosha. Iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo, tupa. Yenye ufa mdomoni pia, itapasuka ukishindilia kizibo. Za mfuniko wa kuzungusha zina kioo chembamba mdomoni, usizipige kizibo.

Dawa ya kuua vijidudu: metabisalfaiti ya potasiamu gramu 10 na asidi ya sitriki gramu 10 kwa lita 1 ya maji. Bila asidi nguvu yake hupungua sana. Zungusha ndani ya chupa, mimina kwenye inayofuata, kisha zipindue zichuruzike dakika 10. Fanyia nje, mwenye pumu akae mbali. Na isikutane na Jiki kabisa, inatoa gesi ya sumu.

Choya_Dom: Nikiikosa hiyo dawa?

Mshindilia_Vizibo: Chemsha. Tandika kitambaa chini ya sufuria, laza chupa, jaza maji ya baridi, pasha polepole. Zikichemka dakika 10 ziache zipoe humo humo. Kinachopasua kioo ni joto kubadilika ghafla. Jaza siku hiyo hiyo, ukiacha sentimita 2 chini ya kizibo.

Ila kwanza pima wine kwa haidromita (kipimo kinachoelea, namba yake hushuka sukari ikipungua) siku tatu mfululizo. Namba ikiendelea kushuka, hamira bado inakula sukari, na gesi yake itarusha kizibo au kupasua chupa hata iwe safi namna gani.